Namna ya Kuonja Ramu Barbados Bila Kuuaibisha Ukoo

Ndugu msafiri, tiketi umelipa, hoteli ya ufukweni umepata, na kwenye orodha ya matembezi umeweka alama pale palipoandikwa: kuonja ramu pamoja na vyakula vyake, mbele ya mwongozaji. Hongera. Lakini kabla hujapanda gari la kukupeleka, soma maelekezo haya mpaka mwisho, kwa sababu ziara ya namna hii imewashinda watu wazima wenye vyeo, watoto na wajukuu. Wanaingia wakijua kila kitu, wanatoka wameshikwa kwapani, na jioni ukiwauliza walionja nini, wanakumbuka rangi ya viti.

Kosa lao ni moja: walikwenda kulewa mahali pa kujifunza. Kulewa hakuhitaji ndege. Kila mji una baa, na kila baa ina mtu anayekusubiri umlipie. Ziara ya kuonja ni darasa, na somo lake ni kisiwa chenyewe: udongo wake, miwa yake, kazi ya mikono ya watu wake, na miaka zaidi ya mia tatu ya mambo matamu na machungu. Glasi ni ndogo kwa makusudi, ili masikio yabaki kazini. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mbele ya glasi hiyo wewe ndiye chungu. Ogelea polepole.

Chagua kiwanda kimoja

Barbados ni kisiwa cha kilomita za mraba 430 hivi. Hakifiki nusu ya Pemba, na ndicho kilichoko mashariki kabisa katika visiwa vya Karibi. Udogo huo huwaponza wageni. Wakiona kwenye ramani kwamba viwanda vya ramu vimekaribiana, wanapanga kuvimaliza vyote kati ya staftahi na machweo. Usithubutu. Ulimi huchoka baada ya pombe kali ya nne au ya tano, na kuanzia hapo kila kitu kina ladha ya moto. Kiwanda kimoja kwa siku kinatosha.

Ukipenda ukongwe, nenda Mount Gay. Hati ya shamba hilo ya tarehe 20 Februari 1703 inataja nyumba ya kukenekea pombe, na kwa nguvu ya hati hiyo kampuni inajitambulisha kuwa kongwe kuliko zote duniani ambazo bado zinatengeneza ramu. Ukipenda majumba, nenda St. Nicholas Abbey, kaskazini, katika wilaya ya St. Peter. Nyumba kuu ilijengwa mwaka 1658, na kinu chake cha miwa huendeshwa kwa mvuke mpaka leo. Ili ukikute kinasaga, fika wakati wa mavuno, miezi ya mwanzo wa mwaka. Ukipenda mabishano ya kitaalamu, nenda Foursquare, wilaya ya St. Philip. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1996 mahali palipokuwa kiwanda cha sukari, na mkuu wake, Richard Seale, amepinga hadharani kwa miaka mingi tabia ya kutia sukari kwenye ramu iliyokwisha kukenekwa. Hapo utapata maelezo yaliyonyooka na maoni makali zaidi ya kinywaji chenyewe.

Vaa vizuri, usinukie, salimia

Nguo za mabaka ya kijeshi ziache nyumbani kabisa, usizifikishe hata hotelini. Sheria ya Barbados inakataza raia kuzivaa, iwe kaptula, kofia au fulana ya mtoto, na wageni hawana msamaha wao maalumu. Ungependa jina lako lisomwe kwenye daftari la wageni wa kiwanda, si kwenye daftari la kituo cha polisi.

La pili ni gumu zaidi kwetu watu wa pwani: siku hiyo usijifukize udi, usijipake marashi, usijimiminie manukato. Kazi kubwa ya kuonja inafanywa na pua, na mtu mmoja aliyenukia vizuri kupita kiasi anaweza kuwaharibia somo watu kumi. Oga, paka mafuta yasiyo na harufu, inatosha. Uzuri wako hautapungua.

La tatu tunaliweza kwa kuzaliwa. Barbados, ukiingia dukani, kwenye basi au chumbani penye watu, unasalimia kwanza. Asiyesalimia huonekana hakulelewa, na mwenyeji humhudumia kwa ubaridi anaostahili. Watalii wengi huanza na swali la bei au la choo. Wewe anza na habari za asubuhi, mtazame mwongozaji machoni, muulize jina lake na ulikumbuke. Utashangaa jinsi mazungumzo yanavyofunguka, na mara nyingi na ile chupa ya kabati la nyuma hufunguka pamoja nayo.

Kula kwanza, kisha piga hesabu

Pombe si chai. Chukua kalamu. Tuseme umewekewa glasi 5, kila moja mililita 15, na wastani wa nguvu ni asilimia 45. Jumla ni mililita 75 za ramu, na ndani yake mna mililita 34 hivi za pombe tupu, yaani takriban gramu 27. Mwili wa mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo vile vijiglasi ulivyovidharau vitakuwa ndani ya damu yako kwa saa tatu au zaidi, na jua la Karibi linakusubiri nje.

Hesabu hiyo ina maagizo matatu. Kwanza, kula mlo kamili kabla ya ziara, wenye wanga na mafuta, kwa sababu chakula tumboni huchelewesha pombe kuingia kwenye damu. Pili, kunywa glasi nzima ya maji baada ya kila ramu. Tatu, usiendeshe gari. Ni kweli kwamba Barbados huendesha kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, na ni kweli kwamba umeendesha Mandela Road ya Dar es Salaam saa kumi na mbili jioni ukafika salama. Kodi dereva hata hivyo.

Utaona pia ndoo au chombo mezani. Hicho ni cha kutemea. Mama yako alikukataza kutema mate mbele ya watu, na alikuwa sahihi, lakini hapa ruhusa imetolewa na wenye nyumba wenyewe. Wataalamu wanaoonja ramu kwa kazi hutema, ndiyo maana wanafika mwisho wa siku wakiwa wataalamu.

Sikiliza namna inavyotengenezwa

Sasa mwongozaji anaanza kueleza. Hapa ndipo wengi hutoa simu. Iweke mfukoni, picha ya mtambo wa shaba unayo tayari katika kipeperushi.

Ramu ni pombe ya muwa. Muwa husagwa, maji yake huchemshwa kuwa sukari, na kinachobaki ni molasi, ule uji mweusi mzito wenye utamu uliochanganyika na uchungu. Molasi huchanganywa na maji na hamira, ikachachuka, kisha ikakenekwa: inapashwa moto, mvuke wa pombe unapanda kabla ya maji kwa sababu pombe huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye nyuzi 100, kisha mvuke unapozwa ukarudi kuwa kimiminika. Aliyewahi kuona gongo au chang'aa ikitoneshwa kijijini tayari anaijua fizikia yote. Kinachotofautisha ni shaba, uangalizi, na subira.

Mitambo iko ya aina mbili. Kuna chungu kikubwa cha shaba, kinachokeneka kwa mikupuo na kuacha harufu nyingi na uzito. Kuna mnara, uliochukuliwa hataza na Aeneas Coffey mwaka 1830, ambao hukeneka mfululizo na kutoa pombe nyepesi na safi zaidi. Mtindo unaoipa Barbados sifa ni kuchanganya zote mbili. Ukitaka mwongozaji akuheshimu ghafla, muulize: hii ina kiasi gani ya chungu na kiasi gani ya mnara? Ataacha kukariri na kuanza kuzungumza.

Ikitoka mtamboni, ramu ni nyeupe pe. Rangi ya asali unayoiona inatoka ndani ya pipa la mwaloni, ingawa baadhi ya watengenezaji huongeza sukari iliyounguzwa ili rangi ikolee. Mengi ya mapipa hayo yametoka Marekani, ambako sheria inataka wiski ya bourbon ikomazwe katika mapipa mapya yaliyochomwa ndani. Mmarekani akishalitumia pipa mara moja kwa bourbon, hawezi kulirudia, kwa hiyo huliuza, na Karibi hununua. Usihukumu umri kwa rangi: ramu nyeusi inaweza kuwa kinda, na ramu ya dhahabu iliyopauka inaweza kuwa imekaa pipani tangu binti yako akiwa chekechea.

Na hapo kwenye ghala la mapipa vuta pumzi kwa nguvu, kwa maana unavuta mali ya watu. Pipa huvuja mvuke. Huko Uskoti hupotea asilimia 2 hivi kwa mwaka. Katika joto la Barbados ni asilimia 6 au zaidi. Kwa kiwango hicho, baada ya miaka 10 karibu nusu ya pipa imekwenda hewani. Ndiyo sababu ramu iliyokomaa visiwani ina bei, na ndiyo sababu miaka 10 ya Karibi haipimwi kwa kipimo cha miaka 10 ya nchi ya baridi. Anayelalamikia bei kabla ya kusikia hesabu hii anajitangaza.

Kazi ya kuamua pipa gani lichanganywe na lipi ni ya bingwa mmoja mwenye pua iliyofundishwa kwa miaka. Ukidhani bingwa huyo lazima awe mzee wa kiume mwenye ndevu, jisahihishe mapema: Joy Spence wa Appleton, Jamaika, alishika kazi hiyo mwaka 1997, mwanamke wa kwanza duniani kuishika, na Trudiann Branker akawa mwanamke wa kwanza kuishika Mount Gay mwaka 2019.

Tanguliza pua

Glasi imefika. Usiipige. Narudia: usiipige kwa mkupuo, usigonge meza, usihesabu moja mbili tatu. Anayefanya hivyo amelipia darasa akalala mlangoni.

Ishike glasi chini ya kidevu, mdomo umeachama kidogo, kisha ipandishe taratibu kuelekea puani. Nusa kama mama anavyonusa maziwa ya jana: kwa tahadhari, mara fupi fupi, akitaka ukweli. Ukizamisha pua nzima, mvuke utakuchoma na hutanusa lolote kwa dakika kadhaa. Mara ya kwanza utasikia pombe tu. Ngoja. Mara ya pili huja ndizi mbivu, nazi, ganda la chungwa, vanila ya mwaloni. Mara ya tatu huja vitu unavyovijua wewe peke yako. Viseme kwa majina ya kwenu. Ukisikia kungumanga, sema kungumanga. Ukisikia shira ya kaimati, sema. Mwongozaji atakupa maneno ya kwao, na hakuna aliyeamua kwamba ya kwao ni sahihi zaidi.

Kisha onja tone tu, lizungushe mdomoni, umeze au uteme. Tone hilo la kwanza ni la kuuarifu mdomo; usilihukumu. La pili ndilo la kusikilizia. Lihesabie mpaka kumi kabla ya kumeza, halafu pumua kwa pua. Ramu nzuri hubaki kinywani baada ya kuondoka, na ikibadilika ladha wakati inabaki, umekutana na kazi ya mtu anayejua.

Kwa ramu kali, zile za asilimia 57 na kuendelea, omba maji ya kawaida yasiyo na barafu na uongeze matone machache. Maji hufungua harufu zilizojificha na kupunguza ukali. Si udhaifu. Hata mabingwa huongeza maji. Soda ndiyo usiyoiomba hapa. Soda ina mahali pake, tutafika.

Chakula ni nusu ya somo

Sahani inapoletwa, usiifute kwa dakika mbili kwa sababu una njaa. Uliambiwa ule kwanza. Kila kipande kimewekwa mbele ya glasi yake, na mpangilio una sababu.

Ramu changa, nyeupe au ya dhahabu, huja na chumvi na mafuta: mara nyingi ni maandazi ya samaki, chewa mkavu wa chumvi aliyelowekwa, akasagwa na unga na viungo, akakaangwa. Mtaani hutiwa mawili ndani ya mkate na kuliwa kwa kusimama. Mafuta hupaka ulimi, chumvi huamsha, na ile ramu iliyokuwa ikichoma peke yake inageuka kuwa na utamu wa muwa. Jaribu kwa utaratibu: ramu bila chakula, kisha chakula, kisha ramu tena. Tofauti kati ya onjo la kwanza na la tatu ndiyo uliyolipia.

Ramu ya makamo, miaka mitano hadi minane hivi, inahimili chakula kizito: samaki wa kuchoma, makaroni ya kuoka na jibini, shelisheli la kuchoma. Ukibahatika utapewa cou-cou na samaki arukaye, ambacho ndicho chakula cha taifa. Cou-cou ni unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia mpaka ukalainika, na msongaji anayesifika ni yule asiyeacha madonge. Msifu kwa hilo. Watu wetu wanajua kusonga, na sifa ya msongaji kwa msongaji ina uzito.

Halafu kuna pilipili. Barbados husaga pilipili mbuzi na haradali na siki, ikatoka rojo ya manjano yenye sura ya upole. Kabla hujaimwagia sahani yote ili kuonyesha kwamba umetoka Tanga, elewa hili: mdomoni kuna vipokezi vinavyohisi moto, na kwa kawaida hushtuka joto likifika nyuzi 42 hivi. Pombe huvishusha mpaka karibu nyuzi 34, ndiyo maana ramu huchoma kwa joto la mdomo wako wenyewe. Pilipili hufanya kazi kwenye vipokezi hivyo hivyo. Ukizikutanisha, hazijumlishani kwa adabu, zinazidishana. Gusa kwa ncha ya uma, na uiache ramu kali mbali mpaka mdomo upoe.

Mwisho huja ramu kongwe na vitu vitamu: kashata za nazi, vidonge vya ukwaju na sukari, chokoleti nyeusi, au keki ya Krismasi yenye matunda yaliyolowekwa ndani ya ramu kwa muda mrefu. Hapa kanuni ni ukali kwa uchachu, uchungu kwa uchungu. Chokoleti nyeusi na pipa lililochomwa vinakutana vizuri kwa sababu vyote viwili vimepita motoni. Chokoleti ya maziwa iliyojaa sukari huifanya ramu ionekane chungu na nyembamba, kwa hiyo ukiletewa, kula baadaye kwa amani yako.

Neno kwa Waislamu na kwa wote wasiokula nguruwe: kitoweo maarufu cha Jumamosi, pudding na souse, ni nguruwe, na nyama hiyo hujificha ndani ya mapishi mengine pia. Sema mapema, siku unapoweka nafasi, wala si wakati uma uko hewani. Wenyeji hupanga vizuri wakiambiwa mapema.

Usiruke sehemu nzito

Katika ziara nyingine, kipindi cha historia hupita haraka ili watu wafike kwenye glasi. Wewe usikubali. Uliza, kwa heshima, na unyamaze ukijibiwa.

Waingereza walikaa Barbados kuanzia mwaka 1627, na katika miaka ya 1640 wakaigeuza kuwa shamba la miwa. Kazi ilifanywa na Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari, wengi wao kutoka Afrika Magharibi. Mwaka 1661 kisiwa kilitunga sheria ya utumwa iliyoigwa na makoloni mengine ya Waingereza. Wakati wa mavuno kinu kilisaga usiku na mchana, na katika vinu vya Karibi shoka liliwekwa karibu, ili mkono wa mlishaji ukinaswa na magurudumu ukatwe kabla mwili wote haujavutwa. Ile hati ya mwaka 1703 inayosherehekewa kwenye lebo iliandikwa katika dunia hiyo. Tarehe 14 Aprili 1816, Jumapili ya Pasaka, watumwa waliinuka katika uasi unaoitwa kwa jina la Bussa, kiongozi wao. Ulizimwa kwa bunduki. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini kazi ya kulazimishwa iliendelea kwa jina la uanagenzi mpaka mwaka 1838. Serikali ya Uingereza ililipa fidia ya pauni milioni 20 katika makoloni yake. Waliolipwa ni wenye watumwa. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu.

Msafiri wa Afrika Mashariki asisikilize habari hizi kwa utulivu wa mtu wa mbali. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kwa mwaka, na watu waliochukuliwa kutoka pwani yetu na Msumbiji walipelekwa Mauritius na Réunion, visiwa vilivyokuja kufunikwa na miwa na ambavyo leo vinatengeneza ramu yao. Karne ya 19, mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa. Chumvi ya yule chewa kwenye sahani yako ina historia hiyo pia: samaki huyo aliletwa kutoka Amerika Kaskazini kuwa chakula cha bei rahisi cha watumwa. Shelisheli vivyo hivyo lililetwa Karibi na William Bligh mwaka 1793 kwa ajili ya kuwalisha. Waliolishwa kwa lazima wakavigeuza kuwa mapishi, na leo wajukuu wao wanakukaribisha navyo.

Kwa hiyo, kabla au baada ya kiwanda, tenga saa moja kwenda Newton, wilaya ya Christ Church, kwenye makaburi ya watumwa ambako inakadiriwa wamezikwa watu 570 hivi. Sanamu ya mtu aliyekata minyororo, kazi ya Karl Broodhagen ya mwaka 1985, iko kwenye mzunguko wa barabara katika wilaya ya St. Michael, na watu wa kisiwa huiita Bussa. Ramu huonjeka vizuri zaidi kwa mtu anayejua nani alilipa.

Kama hunywi

Nenda tu. Nusu ya somo ni pua, robo ni masikio, na chakula kipo. Sema tangu mwanzo kwamba hunywi, bila maelezo marefu na bila kuomba radhi. Uliza wana nini: maji ya dafu, tangawizi, choya yenye karafuu, au mauby, kinywaji cha gome la mti ambacho huanza na utamu kikaishia na uchungu mzuri. Ukiandamana na wanywaji, wewe ndiye utakayekumbuka kila kitu, na jioni wote watakuuliza.

Na wanywaji wasikie: asiyekunywa haulizwi kwa nini.

Mtihani ni mtaani

Ziara ikiisha, usirudi hotelini moja kwa moja kana kwamba umemaliza kisiwa. Mtihani uko kwenye duka la ramu la mtaani, lenye kaunta ya mbao, dhumna zinazogongwa mezani kwa hasira ya furaha, na siasa za kriketi. Hapo hakuna glasi ya kunusia. Watu hununua kichupa, wakaletewa barafu na kitu cha kuchanganyia, na hapo ndipo soda uliyoinyima kiwandani inapata haki yake. Maji ya dafu ni bora zaidi. Kando yake agiza mkate wenye jibini au samaki.

Usimfundishe mtu yeyote mle ulichojifunza asubuhi. Wanajua. Salimia, nunua, kaa, sikiliza. Ukitaka kuchangia, omba wakuonyeshe wanavyochanganya punchi yao. Kipimo cha kale ni sehemu moja ya ndimu, mbili za sukari iliyoyeyushwa, tatu za ramu, nne za maji au juisi, kisha kungumanga juu. Kila mwenye duka ataapa kwamba jirani yake hukosea. Kubaliana na uliye kwake.

Chupa ya kupeleka nyumbani

Nunua moja, na uichague kwa maswali: imekomazwa wapi, imejazwa wapi, imeongezwa nini? Sehemu kubwa ya ramu ya Karibi huondoka visiwani ndani ya matangi na kutiwa chupani Ulaya, na kazi za kufungasha, kubandika lebo na kuuza huondoka nayo. Chupa iliyokomazwa na kujazwa Barbados huacha mishahara Barbados. Kwa zao ambalo kwa karne mbili halikumlipa mkulima wake, tofauti hiyo ina maana kuliko nembo ya dhahabu.

Uihifadhi kwenye begi la kupakiwa, imefungwa ndani ya nguo. Ndege haziruhusu pombe inayozidi asilimia 70, kwa hiyo ile chupa ya kishujaa iache dukani. Ukifika nyumbani usiifiche kabatini kwa ajili ya wakubwa. Waite wale wanaosikiliza vizuri, kaanga samaki, weka vijiglasi vidogo na maji mengi, uwaeleze miwa, shaba, mapipa na watu wa Newton, halafu ndipo umimine.